Neno "Nguvu" na Historia ya Kichakataji cha Kompyuta Mpakato

Makala haya yanahusu neno moja la kawaida, neno "nguvu", na madhara yanayoweza kutokea pale neno hilo linapobebeshwa dhana tatu kwa wakati mmoja. Tumekusudia kulijadili kwa njia ya historia, yaani historia ya kichakataji cha kompyuta mpakato tangu mwaka 1971. Tumefanya hivyo kwa sababu tatizo lililotukabili sisi mezani lilikuwa limekwisha kuwakabili mafundi zamani, na namna walivyolitatua inatufundisha jinsi ya kuzipanga istilahi zetu.

Chanzo cha makala ni kosa letu wenyewe. Ofisi moja ya umma ilituletea waraka wa zabuni ili tuutafsiri kwa Kiswahili. Waraka huo ulihusu ununuzi wa kompyuta mpakato kwa ajili ya maofisa ugani, watu ambao hushinda vijijini, mbali na soketi ya umeme. Waraka wa asili ulitaja mambo matatu mbalimbali: wingi wa kazi ambayo mashine iweze kuifanya, kiasi cha umeme ambacho kichakataji kisikipite, na muda ambao betri idumu. Sisi tuliandika "kompyuta yenye nguvu ya kutosha" mahali pa kwanza, "kichakataji chenye nguvu isiyozidi wati 15" mahali pa pili, na "betri yenye nguvu" mahali pa tatu. Wajumbe wa kamati ya ununuzi, ambao hawakuwa na waraka wa asili mbele yao, waliona kuwa sharti la pili linapingana na la kwanza. Wakadhani ni kosa la chapa, wakalifuta. Mashine zilizonunuliwa zilikuwa na nguvu kweli kweli, kwani vichakataji vyake vilikuwa vya wati 45. Maofisa waliozipokea walitueleza baadaye kwamba betri ziliisha kabla ya saa sita mchana, na kwamba mashine haikuweza kupakatwa kwa jinsi ilivyochoma mapaja.

Hatuwezi kuwalaumu wajumbe wale. Walisoma Kiswahili kilichokuwa mbele yao. Waliopotosha ni sisi.

Majina ya vitu

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, hatuna budi kueleza majina tunayoyatumia. Kompyuta inayobebeka na kufunguka kama kitabu wengine huiita kompyuta mpakato, na wengine, hasa nchini Kenya ambako neno tarakilishi limeenea, huiita kipakatalishi. Majina yote mawili yametokana na kitenzi kimoja, pakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Hili ni jina lenye ahadi ndani yake. Kitu cha kupakatwa sharti kiwe chepesi, kisiwe cha moto, na kisiwe kimefungwa ukutani kwa waya. Tutaona kwamba ahadi hizo tatu hazikutimizwa kwa urahisi.

Kichakataji nacho kimetokana na kitenzi chakata. Mkonge huchakatwa ili zipatikane nyuzi. Muhogo huchakatwa, na samaki kadhalika. Kichakataji cha kompyuta hupokea tarakimu, huzifanyia kazi, na kutoa tarakimu nyingine. Lakini kuna tofauti moja ambayo mfasiri anapaswa kuifahamu. Mashine ya mkonge hutumia sehemu kubwa ya nishati yake kuponda majani. Katika kichakataji, karibu nishati yote inayoingia huishia kuwa joto. Kwa hiyo wati za umeme zinazoingia ndizo, kwa kadiri kubwa, wati za joto zinazopaswa kutolewa nje. Joto na betri si matatizo mawili. Ni tatizo moja lililotazamwa kutoka pande mbili.

Njia mbili: miaka ya 1971 hadi 1985

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilianza kuuza chipu iliyoitwa 4004, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kichakataji cha kwanza cha biashara kukusanywa katika chipu moja. Ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Miaka kumi baadaye, mwaka 1981, ilitokea Osborne 1, kompyuta iliyouzwa kwa sifa ya kubebeka. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 11, nayo ilitegemea umeme wa ukutani. Ilibebeka kama cherehani inavyobebeka, wala hakuna aliyefikiri kuipakata.

Tangu hapo zilionekana njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya GRiD Compass, mashine ya mwaka 1982 iliyofunguka na kufungwa kama kitabu. Ndani yake mlikuwa na kichakataji cha Intel 8086, kilichoheshimika sana kwa wakati ule. Kasha lake lilitengenezwa kwa magnesi, madini mepesi ambayo pia yalisaidia kusambaza joto hadi nje. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 8,000 za Marekani, na shirika la anga za juu la Marekani liliitumia katika vyombo vyake. Hata hivyo, mashine hiyo ya kwanza haikuwa na betri. Ilikuwa na utendaji, lakini haikuweza kuondoka penye soketi.

Njia ya pili ilikuwa ya Epson HX-20, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, na TRS-80 Model 100 ya mwaka 1983. Hizi zilikuwa mashine za unyenyekevu. Kioo cha HX-20 kilionyesha mistari minne tu, yenye herufi 20 kila mmoja. Lakini betri yake ilidumu saa zipatazo 50. Model 100 ilitumia betri nne ndogo za kawaida, za aina inayouzwa dukani kwa ajili ya redio, na ilifanya kazi kwa saa 20 hivi. Waandishi wa habari waliipenda, wakasafiri nayo na kuandika habari zao palepale zilipotokea.

Siri ya mashine hizi ilikuwa katika aina ya saketi. Kichakataji cha Model 100 kiliitwa 80C85, na ile herufi C katikati ya jina ilikuwa ishara ya saketi ambayo transista zake hupangwa jozi jozi. Moja ikifungua njia, mwenzake huifunga, hata umeme haupiti sana isipokuwa wakati wa kugeuka. Katika makala haya tutaziita saketi za jozi. Saketi za zamani zilikuwa kama bomba linalovuja mchana kutwa. Saketi za jozi zilikuwa kama bomba linalotoa maji pale tu linapofunguliwa.

Kisa kimoja cha wakati huo husimuliwa na wasanifu wenyewe. Mwaka 1985, mjini Cambridge, Uingereza, Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn walipokea chipu yao ya kwanza ya ARM. Walikuwa wameisanifu itumie umeme kidogo, kwa nia ya kuitia katika kasha rahisi la plastiki lisiloweza kustahimili joto jingi. Walipoijaribu, ilifanya kazi barabara, lakini kipimo cha umeme kilisoma sifuri. Walipochunguza wakaona kuwa waya wa umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa ikijiendesha kwa umeme mdogo uliopenya kupitia njia za ishara. Miaka 35 baadaye ukoo wa chipu hiyo ungefika katika kompyuta mpakato kwa kishindo, kama tutakavyoona.

Fumbo la nguvu na nishati

Katika miaka ya 1990 mafundi walianza kuitazama kompyuta mpakato kama kitu chenye mahitaji yake. Mwaka 1990 Intel ilitoa 386SL, kichakataji kilichosanifiwa mahsusi kwa mashine zinazobebeka na kilichokuwa na njia ya pekee ya kusimamia matumizi ya umeme. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za lithiamu, ambazo kwa uzito uleule zilibeba nishati nyingi kuliko zile za awali.

Hapa ndipo tunapofika penye fumbo lililotutega sisi. Wati ni kipimo cha nguvu, yaani mwendo wa kutumia nishati. Wati-saa ni kipimo cha nishati yenyewe. Betri ya wati-saa 50 ni kama pipa la maji. Wati ni upana wa bomba. Mashine inayotumia wati 10 italimaliza pipa hilo kwa saa 5. Inayotumia wati 25 italimaliza kwa saa 2. Tumewahi kukuta katika tafsiri mbalimbali maneno "wati kwa saa". Hilo ni kosa, kwani hapa hatugawanyi wati kwa muda bali tunazidisha.

Sasa tuseme fundi anataka kuokoa betri, akapunguza mapigo ya kichakataji kwa nusu. Je, ameokoa nishati? Wati zimepungua kwa nusu, lakini kazi ileile sasa inachukua muda maradufu. Nishati ya kuchakata imebaki ilivyokuwa, hata kama joto limepungua. Aliyechanganya nguvu na nishati hawezi kulitambua jambo hili, maana kwake maneno yote mawili ni "nguvu".

Ufumbuzi ulikuwa katika volti. Wati za saketi za jozi hufuata idadi ya mapigo, lakini hufuata pia kipeo cha pili cha volti; ukipunguza volti kidogo, wati hushuka sana. Mnamo Januari, yaani mwezi wa kwanza wa mwaka 2000, Intel ilitoa Pentium III ya kompyuta mpakato iliyoweza kubadili mwendo. Ikiwa kwenye umeme wa ukutani ilienda kwa megahetsi 650 na volti 1.6, ikiwa kwenye betri ilishuka hadi megahetsi 500 na volti 1.35. Tukipiga hesabu, mapigo yalipungua kwa asilimia 23, lakini wati za kugeuza transista zilipungua kwa karibu asilimia 45. Mwezi huohuo kampuni ya Transmeta ilitangaza kichakataji chake cha Crusoe, nacho kilikusudia kubadili mapigo na volti kulingana na kazi iliyopo. Tangu hapo uhusiano wa utendaji na nguvu ulianza kulegezwa kwa makusudi.

"Mwenye nguvu mpishe"

Mafunzo hayo hayakupokewa mara moja. Mwishoni mwa mwaka 2000 ilitoka Pentium 4, iliyosanifiwa ili ifikie mapigo mengi sana kwa sekunde. Wanunuzi walikuwa wamezoea kuuliza swali moja tu: gigahetsi ngapi? Wahenga wetu walisema mwenye nguvu mpishe, na sokoni ndivyo ilivyokuwa. Baadhi ya watengenezaji walitia katika kompyuta mpakato vichakataji vilivyosanifiwa kwa kompyuta za mezani. Mashine hizo zilikuwa nzito, feni zake zilivuma, na betri zake hazikudumu. Zilikuwa mpakato kwa jina tu.

Kufikia mwaka 2004 baadhi ya Pentium 4 za mezani zilikuwa zimepita wati 100. Mwaka huo Intel iliachana na mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahetsi 4. Sababu ya msingi ilikuwa imejificha tangu mwaka 1974, Robert Dennard na wenzake wa IBM walipoeleza kuwa transista zikipunguzwa ukubwa, na volti ikipunguzwa kwa kadiri hiyo, joto kwa kila eneo la chipu halitaongezeka. Kwa miaka 30 hivi wasanifu waliishi kwa neema ya kanuni hiyo. Lakini transista zilipokuwa ndogo mno zilianza kuvujisha umeme hata zikiwa zimefungwa, na volti haikuweza tena kuteremshwa kwa urahisi.

Njia ya kutokea ilikuwa tayari imekwisha kufunguliwa mjini Haifa, Israeli, ambako kundi la wasanifu wa Intel lilikuwa limetengeneza Pentium M, iliyotolewa Machi mwaka 2003. Ile ya gigahetsi 1.6 iliandikiwa kikomo cha joto cha wati 24.5. Mapigo yake yalikuwa machache kuliko ya Pentium 4, lakini kila pigo lilifanya kazi zaidi, hata iliweza kushindana na Pentium 4 za mapigo mengi zaidi. Muuzaji alikabiliwa na shida ya lugha: atamwelezaje mnunuzi kwamba 1.6 inaweza kuwa sawa na 2.4 au kuishinda? Mwaka 2004 Intel ilianza kuvitambulisha vichakataji vyake kwa namba za mpangilio badala ya gigahetsi. Wanaistilahi wenzetu wazingatie jambo hili: kampuni yenyewe iliona kuwa kipimo cha kasi, kikitumiwa kama jina la utendaji, kimekuwa uongo.

Mwezi Juni mwaka 2005 kampuni ya Apple ilitangaza kuhamia vichakataji vya Intel, na sababu iliyoitoa ilikuwa wingi wa kazi kwa kila wati. Swali lilikuwa limebadilika.

Viini vikubwa na viini vidogo

Kuanzia mwaka 2006 vichakataji vyenye viini viwili vilienea katika kompyuta mpakato. Badala ya kiini kimoja kwenda mbio, viwili viligawana kazi kwa mwendo wa wastani na volti ndogo. Mwaka 2011 kampuni ya ARM ilitangaza mpango wa kuweka pamoja viini vikubwa na viini vidogo, hasa kwa ajili ya simu. Kazi ndogo, kama kusoma barua, hupewa kiini kidogo. Kazi kubwa, kama kuhariri filamu, hupewa kikubwa. Novemba mwaka 2020 Apple ilitoa M1, ya ukoo wa ARM, yenye viini vinne vikubwa, viini vinne vidogo, na transista bilioni 16. Mojawapo ya mashine zake haikuwa na feni kabisa. Intel nayo ilifuata mpango wa viini vya aina mbili.

Tuongeze jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Kichakataji chepesi wa kazi kinaweza kuokoa betri, mradi kinamaliza upesi na kulala. Maana wakati kinapofanya kazi, kioo na sehemu nyingine za mashine nazo zinatumia umeme. Kwa hiyo kichakataji dhaifu si lazima kidumishe betri, na chenye utendaji mkubwa si lazima kiimalize.

Kikomo cha joto

Wati zinazoandikwa na watengenezaji katika maelezo ya kichakataji si kiasi cha juu kabisa cha umeme kitakachotumika. Kwa desturi ni kiasi cha joto ambacho mashine inapaswa iweze kukiondoa wakati kichakataji kinapofanya kazi mfululizo. Kwa muda mfupi kichakataji huweza kukipita. Kikikaribia halijoto ya hatari, ambayo kwa vingi ni karibu nyuzi 100, hujipunguza mwendo chenyewe. Ndiyo maana mashine mbili zenye kichakataji kilekile huweza kutofautiana kwa utendaji: moja ina feni na mianya mizuri, nyingine ni nyembamba mno.

Kwetu sisi wa nchi za joto jambo hili lina uzito wake. Joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, na kadiri tofauti inavyokuwa ndogo ndivyo linavyotoka polepole. Katika chumba cha nyuzi 20, kichakataji cha nyuzi 100 kina tofauti ya nyuzi 80. Katika ofisi ya nyuzi 35 tofauti ni nyuzi 65. Uwezo wa kupoza umepungua kwa karibu moja ya tano, ingawa mashine ni ileile na cheti chake ni kilekile.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunapendekeza dhana zifuatazo zitenganishwe katika tafsiri zote za kiufundi:

Nguvu: mwendo wa kutumia nishati, upimwao kwa wati. Lisitumike kwa maana nyingine yoyote katika waraka wa kiufundi.

Nishati: akiba iliyomo ndani ya betri, ipimwayo kwa wati-saa. Isisemwe "betri yenye nguvu", bali "betri ya wati-saa kadhaa".

Kasi ya mapigo: idadi ya mapigo kwa sekunde, ipimwayo kwa megahetsi au gigahetsi.

Utendaji: wingi wa kazi inayokamilika kwa muda maalumu.

Ufanisi: utendaji kwa kila wati.

Kikomo cha joto: kiasi cha joto ambacho mashine imesanifiwa kukiondoa kazi inapoendelea mfululizo.

Hatusemi kwamba neno "nguvu" lifukuzwe katika lugha ya kila siku. Hoja ina nguvu, dawa ina nguvu, sheria ina nguvu. Utajiri huo wa maana ni fahari ya Kiswahili. Lakini zabuni si mazungumzo ya barazani. Anayeisoma hana wa kumuuliza.

Tumeuandika upya waraka ule, ingawa kwa mashine zilizokwisha nunuliwa tumechelewa. Sasa unasomeka hivi: "Kompyuta mpakato iweze kufungua na kuhariri majedwali ya takwimu bila kukwama, kikomo cha joto cha kichakataji kisizidi wati 15, betri iwe ya wati-saa 50 au zaidi, na mashine ifanye kazi za kawaida za ofisi kwa saa zisizopungua 8 bila kuchomekwa, majaribio yafanywe katika chumba cha nyuzi 35." Mwenye kupiga hesabu ataona kuwa wati-saa 50 kwa saa 8 ni wastani wa wati zipatazo 6 kwa mashine nzima. Hilo si kinyume cha kikomo cha wati 15, kwa kuwa wastani wa kutwa ni kitu kimoja na kikomo cha kazi nzito ni kingine. Katika tafsiri yetu ya kwanza, hesabu hiyo isingeweza hata kuanza.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali watuletee nyaraka walizokutana nazo ambamo neno moja limebebeshwa dhana nyingi. Afisa ugani aliyekaa chini ya mwembe na mashine iliyozimika hawezi kujua kwamba betri yake ilimalizwa na neno. Sisi tunajua, na ndiyo sababu ya kuandika.